Wanafunzi, Watawala na Lugha ya Watu

Mkataba wa Versailles, uliofunga hesabu za Vita Kuu ya Kwanza kati ya Ujerumani na wapinzani wake, ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919. Kwetu sisi watu wa Kilwa na Lindi mkataba huo hutajwa kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba Mjerumani alivuliwa rasmi ardhi yetu, na baadaye ikawekwa chini ya Mwingereza kwa udhamini wa Ligi ya Mataifa. Lakini ndani ya mkataba huohuo mna vifungu vingine vinavyohusu ghuba ya Jiaozhou, katika jimbo la Shandong nchini Uchina. Wajerumani waliiteka ghuba hiyo mwaka 1897, miaka michache tu baada ya kujenga maboma yao Kilwa Kivinje na Lindi. Wakubwa waliokaa Ufaransa kuigawa dunia waliamua kuwa Shandong, badala ya kurudishwa kwa wenyewe, apewe Mjapani.

Mwenye mali alikuwa mmoja, na waliogawana urithi wake walikuwa kikao kimoja. Ila majibu ya waliogawiwa yalitofautiana sana. Uchina wanafunzi waliingia barabarani, na serikali yao ikalazimika kukataa kutia saini. Mwambao wetu haukusikika. Ndugu msomaji, makala hii inatafuta sababu ya tofauti hiyo, kisha inatazama siku wanafunzi wa nchi yetu nao walipoandamana, mwezi wa Oktoba 1966, na yaliyofuata baada ya hapo hadi kufika katika vijiji vya Umatumbi.

Yaliyotokea Beijing

Tarehe 4 Mei 1919 wanafunzi wapatao 3,000 kutoka vyuo na shule 13 za Beijing walikusanyika mbele ya lango la Tiananmen. Habari za Shandong zilikuwa zimewafikia siku chache kabla. Wakaandamana, wakaivamia nyumba ya waziri Cao Rulin waliyemhesabu kuwa ameiuza nchi kwa Japani, wakaitia moto, na mwanadiplomasia mmoja aliyekutwa mle ndani akapigwa. Polisi waliwakamata vijana 32. Kuchoma nyumba ya mtu na kumpiga mtu ni mambo ambayo mwanachuoni hawezi kuyapitisha kwa kuwa waliofanya ni vijana wenye uchungu, na hata mle mle Uchina walikuwapo waliosema hivyo wakati ule.

Lakini jambo halikuishia kwenye moto. Wanafunzi walisambaa mitaani, wakihutubia wapita njia na kuwaeleza watu wa masoko maana ya Shandong. Serikali ilipowakamata kwa mamia mwanzoni mwa Juni, wafanyabiashara wa Shanghai walifunga maduka na wafanyakazi wa viwanda wakaacha kazi. Hapo ndipo serikali iliposalimu amri. Tarehe 10 Juni maofisa watatu walioshutumiwa waliondolewa, na tarehe 28 Juni ujumbe wa Uchina haukwenda kutia saini. Chuo kilichoanza kikiwa peke yake kilimaliza kikiwa na soko nyuma yake.

Iliwezekanaje mwenye duka wa Shanghai amwelewe kijana wa chuo? Hapa ndipo penye somo kubwa zaidi ya maandamano yenyewe. Tangu mwaka 1915 kulikuwa na jarida lililoasisiwa na Chen Duxiu, na mwaka 1917 Hu Shi aliandika humo akitaka Wachina waache kuandika kwa lugha ya kale, ambayo mtu wa kawaida haielewi hata akisomewa, na badala yake waandike kama wanavyosema. Tofauti ya lugha hizo mbili si ndogo. Mtu aliweza kuzaliwa, kufanya biashara na kufa pasi na kuisoma barua ya serikali iliyomhusu yeye mwenyewe. Mwaka 1920 Wizara ya Elimu ya Uchina iliagiza madarasa ya chini ya shule za msingi yaanze kufundishwa kwa lugha ya watu. Baadhi ya vijana hao walivuka mpaka, wakatukana kila cha wazee wao, mabaya na mazuri, na hilo liliwagharimu Wachina miaka mingi baadaye. Ila katika jambo la lugha walikuwa na haki.

Waislamu wa huko hawakuwa nje ya mambo hayo. Ma Jun, mmoja wa viongozi wa wanafunzi wa mji wa Tianjin, alitoka katika Wahui, yaani Waislamu wa Kichina, na kadhalika Guo Longzhen, binti aliyewaongoza wanafunzi wa kike. Wote wawili walielekea ukomunisti baadaye, wakauawa na watawala, Ma Jun mwaka 1928 na Guo mwaka 1931. Wenzao wengine walishika njia ya ilmu. Imamu Wang Jingzhai alikwenda Al-Azhar mwaka 1922, na tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kichina ikatoka mwaka 1932. Imamu Ma Songting na wenzake walianzisha chuo cha ualimu cha Chengda mwaka 1925, na kuanzia mwaka 1931 makundi ya wanafunzi wa Kichina yalipelekwa Misri kusoma. Upepo uleule uliowapeleka wengine barabarani uliwapeleka hawa maktaba.

Mwambao wetu mwaka huohuo

Turejee nyumbani. Mwaka 1919 mwambao wa kusini ulikuwa umechoka kiasi ambacho kwa leo ni vigumu kukidiria. Vita vya Maji Maji vilianza Nandete, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, mwezi wa Julai 1905, watu walipong'oa pamba ya kulazimishwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo. Waliokufa kwa risasi na zaidi kwa njaa, Wajerumani waliwahesabu 75,000, na baadhi ya wanahistoria waliofanya utafiti baadaye wamefikisha idadi hiyo 250,000 hadi 300,000. Kabla vidonda havijapona ikaja vita ya Wazungu kwa Wazungu. Waingereza walizishika Kilwa na Lindi mwezi wa Septemba 1916, na Oktoba 1917 palipiganwa Mahiwa, si mbali na Lindi, vita mojawapo kali kupita zote katika Afrika Mashariki. Vijana walichukuliwa kuwa wapagazi, na chakula kililiwa na majeshi ya pande zote mbili. Nani angeandamana?

Hata hivyo si kweli kwamba watu hawa hawakuwa na kalamu. Kilwa ndiyo yenye tarekhe yake iliyoandikwa kwa Kiarabu tangu zama za masultani wake. Vita vya Maji Maji vyenyewe viliandikwa utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Na mwaka 1908, miaka mitatu tu baada ya vita hivyo kuanza, Lindi ilipata ile iliyokuja kuitwa Barua ya Makka. Ilikuwa ni waraka ulionasibishwa na Hijazi, ukiwataka watu watubie na kushikamana na dini kwa kuwa mwisho umekaribia. Ulinakiliwa kwa mkono, nakala kwa nakala, ukapita mji hadi mji, misikiti ikajaa, na Wajerumani wakaingiwa na hofu wakaanza kukamata watu. Nyaraka za namna hiyo, zenye ndoto na vitisho, wanazuoni wamezikemea mara nyingi, na walikuwa na haki kuzikemea. Ninachokitaja hapa ni jambo jingine, kwamba pwani hii palikuwa na watu wa kutosha wajuao kusoma na kunakili hata waraka mmoja ukaitikisa serikali yenye mizinga.

Kilichokosekana ni lile daraja lililokuwapo Uchina. Beijing mwanafunzi wa elimu mpya na mzee wa elimu ya kale walitoka katika nchi yenye serikali yake, na walikuwa wakigombana juu ya urithi mmoja. Kwetu Mjerumani alifungua shule zake za serikali, ya kwanza Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, ili apate makarani na maakida, na akachukua Kiswahili chetu akakiandika kwa herufi zake. Chuo cha msikitini kikaendelea na herufi zake. Tangu hapo palikuwa na wasomi wa aina mbili katika mji mmoja, na karani hakuweza kusoma barua ya mjomba wake.

Mtu wa kwanza katika Afrika Mashariki kulikabili jambo hili kwa gazeti alikuwa mwanachuoni wa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947). Mwaka 1930 alianzisha Sahifa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 Al-Islah. Akawataka Waislamu wasome elimu za kisasa bila kuacha herufi zao wala dini yao, na kubwa zaidi, alisema nao kwa lugha wanayoilalia na kuiamkia. Ni muongo mmoja tu baada ya vijana wa Beijing. Hakuchoma nyumba ya mtu.

Oktoba 1966

Chuo Kikuu chetu kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Kijana wa Kilwa kufika Mlimani siku hizo ilikuwa safari kwa maana zote mbili. Barabara ilikatika kila Rufiji ikifurika, na daraja la kudumu halikupatikana hadi mwaka 2003. Shule za juu zilizosifika kusini, kama Ndanda na Chidya, zilikuwa za misheni, na mzazi wa mwambao aliogopa kumpeleka mwanawe akaja kurudi na jina jingine. Serikali ilizitwaa shule za namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1969. Kwa hiyo ninapozungumzia wanafunzi wa mwaka 1966 nazungumzia kundi dogo katika taifa, na ambalo ndani yake watoto wa mwambao huu walikuwa wachache zaidi.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo serikali ilitoa pendekezo la kuwalazimisha wahitimu wa kidato cha sita, vyuo na Chuo Kikuu kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa hiari. Muda ulikuwa miaka 2, sehemu ya kwanza kambini, na sehemu iliyobaki kila mtu akifanya kazi yake ya kisomi kwa asilimia 40 ya mshahara. Aliyesimamia jambo hilo alikuwa Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, mtu wa kusini.

Siku ya Jumamosi tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wapatao 400, wengi wa Mlimani na wengine wa vyuo vya jirani, waliandamana hadi Ikulu. Walivaa majoho ya chuo. Katika mabango yao palikuwapo yenye maana kwamba afadhali enzi za mkoloni. Walisoma risala yao mbele ya Rais Nyerere na mawaziri wake, risala iliyoandikwa kwa Kiingereza, iliyowagawa viongozi wa siasa na wasomi kuwa makundi mawili yanayovutana, na kusema kwamba wakilazimishwa miili yao itakwenda lakini nyoyo zao hazitakwenda.

Nadhani hakuna haja ya kueleza sana kwa nini walishindwa. Tazama tu vazi. Joho kwa watu wa pwani ni vazi la heshima, la kadhi na la sheikh siku ya Idi, na anayelivaa huwa amekubaliwa na watu kuwa yuko kwa ajili yao. Hawa walilivaa kwenda kudai mshahara wao usikatwe, katika mji ambao mchukuzi wa bandarini alikuwa hajui kesho atakula nini. Hawakusimama Kariakoo kumweleza mtu shida yao. Wangemweleza kwa lugha gani, na kuna shida gani ambayo angeielewa? Katika jambo moja walikuwa na hoja ya kweli, nayo ni kwamba wanaowataka wao wajitolee walikuwa wenyewe wakilipwa mishahara minono. Hoja hiyo Nyerere aliichukua pale pale. Alihamaki, akasema mishahara ya wakubwa kweli ni mikubwa mno, ukiwamo wake wa shilingi 5,000 kwa mwezi, akaupunguza kwa asilimia 20 tangu saa ile. Kisha akawafukuza. Wanafunzi 393 walirudishwa makwao.

Wapo wanaoisimulia siku hiyo kama ushindi wa kiongozi mwadilifu juu ya vijana wachoyo, na wapo wanaoisimulia kama mwanzo wa kufungwa mdomo vyuoni. Mimi naona zote mbili ni kweli. Hadithi ya Tamim ad-Dariy (r.a.), aliyoipokea Imamu Muslim, inapotaja watu wanaostahiki nasaha inawataja viongozi na inawataja watu wa kawaida, wote kwa pamoja. Wanafunzi walimkabili kiongozi wakamsahau mtu wa kawaida. Na kiongozi, ambaye aliipokea nusu ya nasaha yao hadi akaukata mshahara wake mwenyewe, hakuona kwamba anayekupa nasaha yenye faida, japo kwa adabu mbaya, hastahiki kufukuzwa na wenziwe 392. Wengi walisamehewa na kurudi masomoni mwaka uliofuata. Mmoja wa waliofukuzwa, Samuel Sitta, alikuja kuwa Spika wa Bunge mwaka 2005.

Jarida liitwalo MajiMaji

Baada ya Oktoba 1966 mambo yalikwenda kwa kasi. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, likawawekea viongozi masharti ya kutojilimbikizia mali. Mwezi wa Machi ikatoka siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huohuo liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Yaani lile lililodaiwa na wanafunzi wa Beijing kutoka chini, kwetu lilishuka kutoka juu, na lilishuka kwa sehemu kwa sababu ya ghadhabu ya mkuu wa nchi juu ya wanafunzi.

Wanafunzi nao walibadilika. Mwaka 1967 lilizuka Mlimani kundi la USARF, lililokusanya vijana wa nchi mbalimbali za Afrika, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Yoweri Museveni wa Uganda. Hawa waliona aibu kwa yaliyofanywa na waliowatangulia, wakataka wasomi wawe upande wa mkulima. Walitoa jarida walilolipa jina zuri la Kiswahili, Cheche. Serikali iliwapiga marufuku mwezi wa Novemba 1970, kundi na jarida, na mwaka 1971 tawi la Umoja wa Vijana wa TANU hapo chuoni likatoa jarida jingine mahali pake, likaliita MajiMaji.

Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Jina hilo limetoka Umatumbi. Limetoka kwa watu wa Nandete na Ngarambe, na wajukuu wao walikuwa hai, baadhi ya wapiganaji wenyewe walikuwa hai. Jarida lililobeba jina lao liliandikwa kwa Kiingereza, sawa na Cheche kabla yake. Vijana waliokuwa na hamu ya kweli ya kuwa pamoja na mkulima walimwandikia mkulima kwa lugha ambayo hakuijua yeye wala mwalimu wa kijiji chake. Sisemi hivyo kuwabeza, kwa kuwa baadhi ya waliyoyaandika yalikuwa na kina, na marafiki zao wa nchi nyingine hawakujua Kiswahili. Ila Hu Shi alikwishalisema jambo hili miaka 50 kabla yao.

Kazi iliyopita hizo zote kwa thamani, kwa rai yangu, haikupigiwa kelele. Mwaka 1968 idara ya historia ya Mlimani ilifanya utafiti wa Maji Maji, wakiwemo John Iliffe na Gilbert Gwassa, na wanafunzi walitumwa kwenda vijijini likizoni kuwauliza wazee. Gwassa alijikita hasa nyuma ya Kilwa. Miaka miwili tu kabla, wanafunzi wa chuo hicho walikuwa mbele ya Ikulu wakidai wao ni tabaka la pekee. Sasa walikaa juu ya mkeka, daftari gotini, wakimsikiliza mzee asiyejua kuandika herufi zao akieleza jinsi maji yalivyogawiwa, pamba ilivyong'olewa na njaa ilivyokuja. Mtu wa chuo cha dini huyatambua makao hayo mara moja, kwa kuwa ndiyo makao ya twalibu mbele ya shekhe, riwaya kwa riwaya, huyu kamsikia huyu. Mengi tunayoyajua leo juu ya vita vile kutoka upande wa waliopigwa, tumeyapata kwa masikizano yale. Kama wasingekwenda miaka ile, baada ya muongo mmoja au miwili pasingekuwa na wa kumuuliza.

Hati mbili katika nyumba moja

Nimesema mzee asiyejua kuandika herufi zao, na neno hilo linahitaji kufafanuliwa. Mwaka 1967 yapata theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania walihesabiwa kuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kampeni ikaenea nchi nzima, na baada ya mtihani wa taifa wa mwaka 1975 wasiojua kusoma walihesabiwa kushuka hadi asilimia 39. Ni kazi kubwa, na mama zetu wengi waliosoma jina lao kwa mara ya kwanza chini ya mwembe wana haki ya kuikumbuka kwa wema.

Lakini kisomo kilichohesabiwa kilikuwa cha herufi za Kirumi peke yake. Katika miji kama Kilwa Kivinje, Kilwa Kisiwani na Lindi walikuwapo wazee waliosoma Qur'ani, waliosoma vitabu vya fiqhi, walioandikiana barua za biashara na talaka na wasia kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu tangu ujana wao. Katika daftari la kisomo hao nao waliingia safu ya wasiojua. Mtu akaamka mwanachuoni, akalala hajui kusoma. Wachina walibadili lugha ya maandishi lakini herufi zao walibaki nazo, kwa hiyo kijana wa Beijing wa leo, akifundishwa, huweza kuyafikia makaratasi ya babu yake. Kijana wa Lindi anayekuta kijikaratasi cha babu ndani ya msahafu wa nyumbani hukidhania kuwa ni dua, akakibusu na kukirudisha. Huenda ni hati ya shamba.

Mageuzi yenyewe, kwa upande mwingine, hayakukamilishwa. Kiswahili kilifika darasa la saba kikasimama. Sekondari na Chuo Kikuu vilibaki na Kiingereza, na ndivyo vilivyo kwa sehemu kubwa mpaka leo. Mtoto hufundishwa miaka 7 kwa lugha ya mama yake kisha hugeuzwa ghafla, na yule anayevuka hujikuta yuko upande wa pili wa mto, anawaza kwa lugha ambayo waliomsomesha hawaisikii.

Vyuo vyetu vya msikitini havikuwa na mwanya huo, na hili hatulitaji vya kutosha. Tulisoma Safina na Matn Abi Shujaa kwa Kiarabu, mwalimu akifasiri neno kwa neno kwa Kiswahili, na mtoto akapata vyote viwili kwa wakati mmoja. Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliposhughulika hadi tafsiri yake ya Qur'ani nzima ikachapishwa mwaka 1969, alikuwa akifanya kwa kalamu kile ambacho walimu wa mikekani walikuwa wakifanya kwa ulimi siku zote. Tusijisifu kupita kiasi, lakini. Mjadala wa khutba ya Ijumaa ulizigawa jamaa za pwani kwa miaka mingi, ingawa katika madhehebu ya Imamu Shafi'i jambo liko wazi, kwamba nguzo za khutba ziwe kwa Kiarabu na mawaidha yasemwe kwa lugha wanayoielewa waliohudhuria. Imamu aliyepanda mimbari miaka 40 akiwasomea wavuvi khutba ya Kiarabu tupu, wala asiwaambie lolote juu ya nyavu zao na mizani yao, hana la kumcheka kijana wa jarida la MajiMaji.

Maandamano makubwa mengine ya Mlimani yalikuja tarehe 5 Machi 1978. Safari hii wanafunzi hawakudai chochote kwa ajili yao. Walipinga wabunge, mawaziri na wakubwa wa chama kujiongezea mishahara na marupurupu, jambo waliloliona kuwa linavunja Azimio lenyewe. Ukilinganisha, hii ndiyo iliyokuwa hoja ya mtu wa kawaida, na ndiyo ile nusu ya nasaha ya mwaka 1966 ambayo Nyerere aliikubali. Polisi waliwazuia, na zaidi ya wanafunzi 300 wakafukuzwa, kisha wakasamehewa baada ya miezi. Waliodai cha kwao na waliodai cha watu walipata adhabu moja, na msomaji wa historia anaruhusiwa kuuliza kama kosa lililoadhibiwa mara zote mbili lilikuwa ni dai au ni kuandamana.

Ama ile sheria iliyoanzisha yote, ilidumu kwa miaka mingi. Vizazi vya wahitimu vilipita kambini, ikiwamo kambi ya Nachingwea hapa mkoani Lindi, hadi serikali ilipousitisha mpango huo kwa wahitimu mwaka 1994 kwa sababu ya gharama. Mwaka 2013 ulirejeshwa, na vijana wa kidato cha sita wakaanza tena kwenda. Hapakuwa na majoho barabarani. Samuel Sitta, aliyefukuzwa Mlimani mwaka 1966, alikuwa waziri katika serikali iliyourejesha.